Mama Bampa na Pua ya Ndege

Mama Bampa hakuwa na mtoto aitwaye Bampa. Hakuwa na mtoto yeyote. Jina hilo alipewa na madereva wa malori waliokuwa wakimletea bampa zilizopasuka, naye akiziunga mpaka mwenye gari mwenyewe akawa anatafuta ufa ulikuwa upande gani. Karakana yake ilikuwa banda la mabati nyuma ya kituo cha mafuta. Humo mlikuwa na meza moja ndefu, ndoo za gundi, marobota ya kitambaa cha faiba, na feni iliyofungwa juu kwa waya. Vumbi la faiba huwasha. Huingia kwenye ngozi likakaa humo kama limepanga chumba, na kwa miaka zaidi ya thelathini mama huyu alijikuna mikono kila alikokwenda, hata msibani, hata mbele ya watu wazito. Waliomzoea walisema ukitaka kujua kama amekukasirikia, angalia kama ameacha kujikuna.

Ufundi huo aliupata kwa mgongo wa kaka yake. Baba yao alifariki binti akiwa na miaka tisa na kaka ishirini na miwili, na kuanzia hapo kaka ndiye aliyekuwa baba. Alimsomesha. Alimtafutia nafasi kwenye kiwanda cha matangi ya maji alikojifunza faiba. Alipoolewa, kaka alisimama mahali pa baba. Ndoa ilipovunjika baada ya miaka minne kwa sababu mtoto hakupatikana, ni kaka aliyekwenda kumchukua. Alijitwika godoro kichwani, akatembea mbele, dada nyuma na sanduku lake, na njia nzima hakuuliza nani kamkosea nani. Walipokaribia nyumbani aliuliza tu kama kesho yake kuna kazi kiwandani au ni mapumziko. Mama Bampa alisema baadaye kwamba swali hilo ndilo lililomfanya aamke siku iliyofuata.

Kaka huyo mtaa mzima ulimwita Kapteni. Lilikuwa jina la utani, maana maisha yake yote hakuwahi kurusha ndege. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi kwenye kiwanja kidogo cha ndege, yule anayelala chini ya bawa na spana mdomoni wakati rubani anakunywa soda kivulini. Alizijua ndege kama mtu anavyowajua ndugu wa mke wake, kila mmoja na tabia zake, lakini zilipopaa yeye alibaki chini. Akiwa na miaka hamsini na saba, muda wa kustaafu haujafika, aliacha kazi ghafla. Alisema amechoshwa na mabosi. Mwezi mmoja baadaye alipokea bahasha nene ya ramani, akabomoa ukuta uliotenganisha sebule na chumba cha wageni, akaanza kuunda ndege yake mwenyewe.

Hiyo ilikuwa miaka kumi na miwili iliyopita. Mke wake, ambaye Mama Bampa alimwita wifi kwa maneno na dada kwa moyo, alianza kupokea wageni jikoni. Aliwaambia wote maneno yaleyale: kwamba aliolewa na mume asiye na tamaa ya wanawake, kumbe uzeeni angeletewa mke mwenza mwenye mabawa. Watu walicheka, kisha wakazoea. Ndege ikawa kama mgonjwa wa siku nyingi ndani ya nyumba. Ukipita unauliza hali, unajibiwa inaendelea vizuri, unaenda zako.

Na kweli iliendelea. Ilikuwa na viti viwili. Mwili wake ulikuwa wa mbao nyepesi na plaiwudi nyembamba, vyote vimeshikwa kwa gundi. Mabawa yalivikwa kitambaa kikapakwa rangi mpaka kikalia kama ngoma ukikigonga kwa ukucha. Injini ilitoka kwenye gari dogo la zamani, na Kapteni aliifungua na kuifunga upya mara tatu.

Jumatatu moja asubuhi alifika karakanani kwa dada yake, akageuza ndoo tupu, akaketi.

"Mdogo wangu," alisema, "nimebakiza kitu kimoja. Kifuniko cha injini."

"Yaani boneti."

"Boneti ni ya gari."

Mama Bampa alicheka, lakini macho yalimlengalenga, akajifanya anatafuta msasa chini ya meza. Katika miaka yote ile kaka hakuwahi kumwomba kitu. Kila mara yeye ndiye aliyepewa, akasindikizwa, akachukuliwa. Siku hiyohiyo aliwaambia madereva kwamba kuanzia saa saba mchana karakana itakuwa imefungwa, na mwenye haraka aendeshe bila bampa.

Kapteni alimweleza kazi kama anavyomweleza fundi mwenzake. Kifuniko si pambo. Upepo unaingia kwa matundu mawili ya mbele, unapita juu ya injini kuipoza, unatokea chini. Matundu yakikosewa, injini inaiva. Kifuniko kikigusa injini, mtikisiko unakila. Kikilegea angani, kinang'oka na kuipiga propela. Kilitakiwa kiwe cha nusu mbili, ya juu na ya chini, zifungwe kwa skrubu kwenye bati la moto, yaani lile bati linalomtenga rubani na injini. Na mbele kabisa, nyuma ya kofia ya propela, kilitakiwa kiache mwanya wa milimita tano kuzunguka pande zote, usizidi, usipungue, ili kofia izunguke bila kusugua.

Kwa kuwa vumbi la faiba ni adui wa injini, waliishusha injini wakaifunika kwa shuka. Mama Bampa alibandika mabonge ya sponji ngumu mbele ya ndege, akakata kadibodi kwa kufuata ramani, akaanza kuchonga. Kila siku ile pua ilizidi kutokea. Alipaka plasta, akasugua kwa msasa, akapaka tena. Alipaka nta ili faiba isishike, kisha akaanza kulaza kitambaa cha faiba, tabaka juu ya tabaka, akikilowesha gundi kwa brashi na kukikandamiza hewa itoke. Gundi hiyo ukishaichanganya na dawa yake haikusubiri uongee na simu. Kwa hiyo walifanya kazi kimya, na maongezi yakaja wakati wa kusubiri ikauke.

Zilikuwa wiki nzuri kuliko zote alizozikumbuka. Walikaa wawili kwenye benchi, mzee wa miaka sitini na tisa na mdogo wake wa hamsini na sita, wakizungumza habari za baba yao, habari za kiwanda kilichofungwa, na za yule meneja aliyekuwa akitembea na mwavuli hata ndani ya ofisi. Wifi aliwaletea chai na kuwauliza kama harusi ya mke mwenza imekaribia. Kapteni alijibu kwamba bibi arusi amebakiza shela.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Mama Bampa aliliona na hakulitilia maanani. Kaka alikuwa akiangalia vitu kwa upande. Akitaka kusoma futi, aliigeuza shingo kidogo na kuitazama kwa pembe ya jicho, kama kuku anavyoichunguza punje. Na kila alichopewa akikague alikipitishia vidole kwanza. Dada alidhani ndivyo mafundi wa ndege walivyo.

Kifuniko kilipokauka walikipasua katikati, wakatoa sponji, wakanyoosha kingo. Waliirudisha injini mahali pake kwa msaada wa vijana wawili wa gereji ya jirani. Alhamisi mchana wakakifunga. Nusu ya chini ilipanda vizuri ikashika bati la moto pande zote. Nusu ya juu ikashuka juu yake kama mfuniko kwenye sufuria yake. Skrubu za pembeni ziliingia bila kulazimishwa. Mama Bampa alizunguka mbele akiwa na kipande cha plaiwudi cha milimita tano, ili apime ule mwanya nyuma ya kofia ya propela.

Upande wa kulia kidole chake kizima kilipita. Upande wa kushoto hata karatasi haikupita.

Alimwambia kaka kwamba kingo zimempotea kidogo, atarekebisha. Kapteni akasema hakuna shida, na pia akumbuke kwamba injini ya aina ile haielekei mbele moja kwa moja, ramani inataka ielekee kulia nyuzi mbili kupinga nguvu ya propela. Mama Bampa aliirudia ramani. Kweli ilisema kulia nyuzi mbili, na kadibodi zake zilikuwa zimekatwa hivyohivyo. Aliketi kwenye kiti cha rubani ili ajue kulia ni wapi. Injini ilikuwa inaelekea kushoto.

Kwa siku nne alijilaumu yeye. Alikata ukingo, akaongeza faiba, akasugua, akakifunga tena. Aliamini kwamba mwenye kosa ni yeye wa bampa na matangi, si fundi wa miaka thelathini na mmoja. Kisha akaona labda ni washa tu, vile vipete vya chuma vya kwenye miguu ya injini, kwamba zikiongezwa mbili tatu upande mmoja, injini itageuka na mambo yatakaa sawa. Wazo hilo lilimpa nafuu kubwa, akalala vizuri.

Siku iliyofuata Kapteni alikwenda hospitali. Alikuwa akienda kila baada ya miezi mitatu, akisema ni presha. Mama Bampa alibaki peke yake na ndege. Ili ajue washa ngapi zinahitajika, alifunga uzi mkiani, akauvuta juu ya mwili wa ndege mpaka puani, akaning'iniza timazi kila baada ya hatua. Ni kazi ambayo hata fundi wa ukuta wa choo huianza nayo.

Uzi ulikuwa umenyooka. Ndege haikuwa imenyooka.

Haikuwa kosa la sehemu moja. Mkia ulilalia kulia. Kiunzi cha katikati kilikuwa kimesogea kushoto kwa upana wa kidole gumba. Mahali bawa la kushoto linapoingilia palikuwa juu kuliko pa kulia, na bati la moto lilikuwa limejipinda kama ubao ulionyeshewa mvua. Kila kipande kilikuwa kimekatwa vizuri, kikasuguliwa vizuri, kikagundishwa kwa usafi ambao yeye mwenyewe asingeuweza. Lakini kila mstari ulikuwa umechorwa na mtu anayeuona mstari ulionyooka umepinda, na uliopinda umenyooka. Kosa dogo moja lilikuwa limerudiwa kwa miaka kumi na miwili, kutoka mkiani hadi puani. Washa zisingesaidia. Kilichogundishwa hakifunguki.

Aliukunja uzi, akautia mfukoni, akakaa kwenye benchi. Alipokuja kushtuka, chai aliyoletewa na wifi ilikuwa imepoa na ina vumbi juu.

Alifanya alichokijua. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kuficha ufa. Alikata pua ya kifuniko, akaisogeza ifuate injini ilikoelekea, akajaza faiba upande uliopungua, akazungusha mstari taratibu ili jicho lisishtuke. Ilimchukua siku tisa. Kilipofungwa kwa mara ya mwisho, mwanya nyuma ya kofia ya propela ulikuwa milimita tano pande zote, na kifuniko chenyewe kilikuwa kimepinda kwa ustadi ambao ungehitaji kusimama mbali sana ili uuone.

Kapteni alikikagua kwa vidole. Alianzia juu, akashuka kulia, akapita chini, akapanda kushoto, polepole, kidole kikiwa ndani ya mwanya. Alirudia mara mbili. Kisha aliweka kiganja juu ya ile pua na kukiacha hapo. Alimwambia dada yake kwamba kama angemwomba miaka kumi iliyopita, angejifunza kitu. Mama Bampa alijibu kwamba ni kazi ya kawaida. Alikuwa hajajikuna tangu asubuhi.

Jumamosi ile akaja Rubani. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, ambaye alipoanza kazi kiwanjani alimkuta Kapteni ni fundi mkuu, na kwa miaka mingi alikuwa ameahidi kwamba ndege ile ikikamilika, yeye ndiye ataipaisha mara ya kwanza. Alimwamkia mzee shikamoo, akavua viatu kama anaingia msikitini, akapanda akaketi kwenye kiti cha rubani. Alishikashika usukani, akaangalia mabawa, akasifu. Alisema mkaguzi wa serikali anaweza kuja mwezi ujao, lakini mkaguzi huyo ni mtu wa makaratasi. Hata kabla yake wao wanaweza kuitoa kiwanjani, waiwashe, waikimbize kidogo ardhini, na kama itanyanyuka mita moja mbili hakuna atakayewashitaki. Alisema hivyo akicheka. Kapteni naye alicheka, kicheko ambacho dada yake hakuwa amekisikia tangu wakiwa vijana. Walipanga Jumapili ya wiki ya pili.

Mama Bampa alimsindikiza Rubani mpaka barabarani. Alitaka kumwambia habari ya uzi. Rubani alikuwa anazungumza habari za binti yake wa mwisho aliyeanza kuota meno.

Jumatatu asubuhi hakufungua karakana. Alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake, akamkuta kwenye benchi anasafisha propela kwa kitambaa. Hakuketi.

"Kaka, ndege imepinda."

Kapteni aliendelea kusafisha. "Injini?"

"Si injini. Yote. Kuanzia mkiani."

Mzee aliweka kitambaa chini. Hakubisha. Alimwomba auvute uzi. Mama Bampa alifunga uzi uleule mkiani, akauvuta mpaka puani, akaukaza. Kapteni alisimama mkiani, akaweka kidole kimoja kwenye uzi na kidole gumba kwenye mbao, akaanza kutembea. Kidole kilikwenda na uzi. Kidole gumba kilikuwa kinaachwa, kinakaribia, kinaachwa tena. Alipofika kwenye kiti cha rubani alisimama, hakuendelea mbele.

Hapo ndipo alipomwambia. Kabla hajaacha kazi, daktari wa macho alimwonyesha karatasi yenye mistari kama ya daftari la hesabu, akamuuliza anaona nini. Yeye aliona mistari inacheza kama nyasi chini ya maji. Katikati ya macho yake kulikuwa na doa, na doa hilo lingekua, na hakukuwa na dawa. Wiki moja kabla ya hapo alikuwa amefunga bolti kwenye tundu lisilo lake, fundi mwenzake akaigundua kabla ndege haijaruka. Hakusubiri kuambiwa. Aliaga.

"Niliogopa nitaua mtu," alisema.

"Na hii je, kaka?"

"Hii nilidhani mikono itatosha. Ya kwangu mwenyewe, nafanya taratibu. Halafu siku zikaenda. Kitu ukikifanya kila siku, unasahau kwamba ulikuwa na wasiwasi nacho."

Mama Bampa alisema alikuwa hana njia, Rubani ana watoto, Jumapili ilikuwa inakuja. Kaka alitikisa kichwa kukubali kila neno. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, akasema:

"Ungeniachia mkaguzi. Mkaguzi angeniambia ndege imekataliwa. Wewe umeniambia nini?"

Hata miaka ilipopita hakulipata jibu la swali hilo.

Aliyemmaliza kabisa ni wifi. Walikutana jikoni mchana huohuo. Wifi alikuwa anachambua mchele, na hakuinua uso. Alisema macho aliyajua tangu mwaka wa tatu. Mume wake alikuwa akimtambua kwa sauti ya kandambili, na gazeti alilishika juu chini ili aonekane anasoma. Alinyamaza kwa sababu mwanamume aliyekuwa mle ndani na msasa wake alikuwa anaamka na hamu ya kula, na asiye na msasa angekaa kutazama ukuta asiouona. Na kuhusu Rubani, alikuwa amekwisha mwambia. Jumamosi ileile, Mama Bampa aliporudi ndani, wifi alimfuata Rubani barabarani akamweleza yote, naye akakubali kuja na visingizio: leo upepo, kesho kibali, kesho kutwa mafuta. Wangeweza kwenda hivyo mpaka mzee azimike nayo.

"Isingeruka kamwe," wifi alisema. "Na yeye asingejua."

Mama Bampa aliuliza kwa nini hakuambiwa. Wifi akajibu kwamba alimwona siku tisa anapindisha kifuniko, akadhani na yeye amekwisha kuelewa, kwamba sasa wako wawili. Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angegomba.

Rubani alikuja Jumapili ile bila gari la kuvutia ndege, akaketi na mzee kwa saa nzima. Kapteni hakumlaumu mtu. Alikuwa mwema kwa kila mmoja, na wema huo ndio uliomuumiza dada yake, maana ulikuwa ule wa kupokelea wageni. Aliacha kumwita mdogo wangu. Alimwita dada, kama mtu anavyomwita mwanamke yeyote dukani.

Mwezi wa pili baada ya hapo alimpelekea ujumbe wa mdomo kwamba chumba kinahitajika, aje na msumeno. Mama Bampa alidhani amesikia vibaya. Mabawa na injini viliweza kufunguliwa na kutoka mlangoni, na Rubani alikuja akavichukua. Mwili haukuweza. Kapteni alikuwa amepanga siku ikifika abomoe ukuta wa mbele, lakini sasa ukuta haukuwa na sababu ya kubomolewa. Dada yake alimuuliza kama hakuna fundi mwingine wa kuifanya kazi hiyo.

"Wewe unaijua ilivyo," alijibu.

Alianza kukata saa tatu asubuhi, nyuma ya kiti cha pili. Kapteni alisimama kizingitini, mkono kwenye fremu ya mlango, akisikiliza. Mbao zilikuwa bado nyeupe ndani, zinanukia kama zimetoka kiwandani jana. Msumeno ulipofika kwenye viungo ulikwama, akalazimika kubadilisha meno mara tatu, kwa sababu ile gundi ilikuwa ngumu kuliko mbao yenyewe. Hakuna kiungo hata kimoja kilichoachia. Ilipodondoka vipande viwili, alikagua sehemu zilizokatwa, akamwambia kaka yake viungo vyote ni vizima, havina hata tundu la hewa. Kapteni aliitikia kwa kichwa. Aliuliza kama sakafu imechubuka.

Kifuniko walimwachia yeye mwenye kazi. Alikibeba mpaka karakanani, akakitundika ukutani. Dereva mmoja wa lori akakiona akataka kujua ni cha gari gani, akajibiwa hakijapata gari. Baada ya muda Mama Bampa alikishusha akakikata vipande, akavitumia kuziba bampa za watu, kwa kuwa faiba ilikuwa nzuri na hakuweza kuendelea kukitazama.

Chumba kilirudishwa ukuta wake. Wifi akapata sebule, akaweka makochi, na wageni wakaendelea kupitiliza jikoni kwa mazoea. Kapteni alikaa kwenye kochi la dirishani. Katikati ya macho yake hapakubaki kitu, pembeni alikuwa anaona kidogo, kwa hiyo ukizungumza naye alikuwa anaangalia sikio lako. Hakuumwa. Hakulalamika. Alikula alichopewa, akalala mapema, na mikono yake, iliyokuwa na sugu kama ya mchimba mawe, ikalainika mpaka wifi akasema sasa ameolewa na karani.

Mama Bampa aliendelea kwenda kila Jumapili. Hakusamehewa, kwa sababu hakuna aliyesema amekosea, na kwa hiyo hakuwa na mahali pa kuombea msamaha. Alikaa kwenye kochi la pili, akajikuna mikono, akatoa habari za madereva. Jumapili nyingine Kapteni alicheka, nyingine alisinzia.

Jumapili moja Kapteni akasema, bila kumgeukia:

"Ningekuwa na uzi toka mwanzo. Na mtu wa kuushika. Ningeweza."

"Ungeweza," alisema dada yake.

"Nikianza sasa, miaka kumi na miwili, nitakuwa na mingapi?"

"Themanini na mmoja. Unaelekea themanini na miwili."

Kapteni alihesabu kwa vidole kwenye mkono wa kochi, akafika kwenye kidole fulani akaacha.

"Basi," alisema.

Mama Bampa alitafuta neno la kumwambia. Alikuwa na maneno mengi ya kuwaambia wenye magari yaliyogongwa, kwamba itarudi kama mpya, kwamba hutaona alama. Hakuna lililofaa. Nje wifi alikuwa anaanua nguo, akiita kwamba mawingu yamekaribia, kuna mtu amsaidie kamba ya upande wa pili. Mama Bampa alinyanyuka akaenda kusaidia. Waliingiza nguo zote. Mvua haikunyesha.